Kuvu kwenye fleti: jua kwanza maji ni ya nani

Masika yakishakolea, simu yangu hujaa picha za kuta. Kona ya chumba cha kulala imepigwa madoa meusi, dari ya bafu imechora ramani ya kahawia, kabati limefunguliwa baada ya safari na viatu vyote vimeota manyoya ya kijani. Maswali hayabadiliki: nipake rangi gani? Jiki inatosha? Jirani wa juu hataki kunifungulia, nifanyeje? Ni mwaka wa sita sasa mimi ni katibu wa kamati ya wamiliki kwenye jengo la ghorofa nane hapa Dar es Salaam, na majibu haya nimeshayaandika vipande vipande hadi nimechoka. Leo nayaweka pamoja.

Shika jambo moja kabla hujagusa brashi. Kuvu, ambayo wengine mnaiita fangasi na wengine ukungu, haioti pasipo unyevu. Mbegu zake zimo hewani kila mahali na huwezi kuzimaliza. Unachoweza ni kuzinyima maji. Kwenye nyumba ya peke yako, maji hayo ni yako. Kwenye ghorofa kuvu iko kwako, lakini maji yanaweza kuwa ya mama wa ghorofa ya tano, ya paa la jengo, au ya AC ya jirani wa ubavuni. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, ila ukiziba ufa wako kabla jirani hajaziba bomba lake, huo ukuta utaujenga kila mwaka.

Andaa hivi kwanza

- Barakoa ya N95 (ya kitambaa haisaidii), glavu ndefu za mpira na miwani ya fundi
- Tochi, penseli, daftari na simu yenye nafasi ya picha
- Kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, na selotepu pana
- Kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha kuweka mezani
- Ndoo mbili, matambara ya kutupa, brashi ngumu, sabuni ya maji
- Jiki, kwa ajili ya vigae tu
- Mifuko mizito ya taka
- Rangi ya chakula, nyekundu au bluu

Rangi ya ukuta, msasa na puti usinunue bado. Najua duka liko hapo chini na fundi ameshakwambia anafika kesho. Mwambie asubiri.

Je, ni kuvu kweli?

Nusu ya picha ninazoletewa si kuvu bali ni chumvi, ile mafundi wanaiita magadi: unga mweupe unaochomoza kwenye plasta na kusukuma rangi mpaka ibabuke. Nyunyizia maji kidogo. Chumvi huyeyuka na kupotea kwa muda; kuvu hubaki na kuchafua kidole. Kama doa ni jeusi na huna hakika kama ni uchafu tu, weka tone moja la jiki. Kuvu itafifia baada ya dakika chache, vumbi na masizi havitabadilika. Chumvi nayo inatokana na maji, kwa hiyo hatua za kutafuta chanzo ni zilezile. Kinachobadilika ni usafishaji tu.

Usihangaike kulipia kipimo cha kujua ni kuvu ya aina gani. Rangi yake haikwambii ukali wake, na hata ungejua jina, dawa ni ileile: ondoa maji, ondoa kuvu.

Nani asiifanye kazi hii

Mwenye pumu, mjamzito, mtoto, na yeyote ambaye kinga ya mwili wake iko chini wakae nje ya chumba mpaka kazi iishe. Eneo likizidi takriban mita moja ya mraba, yaani kama nusu ya mlango, au kama maji yaliyovuja ni ya choo, tafuta watu wa kazi hiyo wenye vifaa.

Hatua ya 1: Piga picha, halafu zungushia penseli

Piga picha ya chumba kizima, kisha ya doa kwa karibu. Chukua penseli, fuata ukingo wa doa kuuzunguka na uandike tarehe pembeni. Baada ya wiki moja rudi uangalie. Doa limevuka mstari? Maji bado yanakuja. Limebaki palepale? Huenda ni mvua iliyopita au bomba lililokwisha kuzibwa. Mstari huu wa penseli umemaliza mabishano mengi kwenye vikao vyetu kuliko fundi yeyote.

*Kosa la kawaida:* kusafisha kwanza kwa sababu wageni wanakuja, halafu kwenda kwenye kamati mikono mitupu.

Hatua ya 2: Soma mahali ilipoota

Dari ya bafu au jiko: tazama juu, kwa jirani. Ukuta wa nje, hasa upande unaopigwa na mvua: ufa wa plasta, au pembe za dirisha ambazo silikoni yake imekufa. Ghorofa ya mwisho: paa, tena angalia kwanza kama njia za maji ya mvua zimezibwa na majani na mifuko. Ghorofa ya chini, doa linaanzia sakafuni na kupanda: ardhi. Karibu na AC: bomba lake la kutoa maji limeziba. Nyuma ya kabati na ndani ya droo: hewa haizunguki.

Halafu kuna ile inayowachanganya hata mafundi. Mmiliki mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa amepaka chumba cha watoto mara tatu ndani ya miaka miwili. Ukuta wenyewe ni wa ndani, haupigwi na mvua, wala hakuna bomba lililopita humo. Fundi alishabomoa plasta upana wa meza kutafuta bomba ambalo halipo. Nikamwomba anipigie saa kumi na moja alfajiri, nikashuka na kandambili zangu, nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa baridi kama ubavu wa friji. Upande wa pili analala kijana anayeweka AC nyuzi 16 usiku kucha, na upepo wake unapiga ukuta huohuo. Huku kwa watoto dirisha liko wazi, joto la Dar na unyevu wake vinaingia, vikigusa ukuta ule vinageuka maji, sawasawa na chupa ya soda iliyotolewa barafuni. Kijana alipandisha AC mpaka 25 na kugeuza mdomo wake, kitanda na kabati vikasogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani. Gharama: sifuri, ukiacha plasta iliyobomolewa bure.

Hatua ya 3: Jaribio la nailoni

Hili ndilo litakuokoa na kubahatisha. Futa sehemu ya ukuta iliyo jirani na doa mpaka ikauke. Bandika nailoni na uzibe kingo zote nne kwa selotepu, hewa isipite. Iache siku moja mpaka mbili, kisha tazama kabla hujaibandua.

- Matone yako upande wa chumbani, juu ya nailoni: unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba chako. Tatizo ni AC, nguo zinazokaukia ndani, kupika bila dirisha, au bafu lisilopumua.
- Matone yako nyuma ya nailoni, upande wa ukuta: maji yamo ndani ya ukuta. Endelea na hatua ya 4.
- Pande zote mbili kukavu: chanzo huenda ni cha msimu. Rudia mvua ikinyesha.

Kama ni hewa, kabla ya kumlaumu mtu hesabu nguo unazoanika ndani. Beseni moja la nguo zilizokamuliwa kwa mkono lina lita kadhaa za maji, na yote yanaishia hewani chumbani mwako. Tazama pia matundu ya hewa ya bafu. Wengi wameyaziba kwa plaiwudi kuzuia mbu, halafu wanashangaa dari inapiga weusi.

Hatua ya 4: Panda juu kwa jirani, kwa adabu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na bomba halina kosa. Usipande na hasira, usipande usiku, na usianze na neno "unanivujishia". Piga hodi, salimia, jitambulishe, onyesha picha.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, mimi ni wa 304, hapa chini yako."
"Marahaba mwanangu, karibu. Kuna nini?"
"Dari yangu ya bafu inalowa, naomba tushirikiane kutafuta yanakotoka. Pengine si hata kwako, ni bomba la jengo."

Ile "pengine si hata kwako" si unafiki. Mara nyingi ni kweli, na inafungua mlango.

Ukisharuhusiwa, fanya majaribio mawili:

*Mita.* Fungeni bomba zote za fleti yake, mashine ya kufulia izimwe, na asiwepo wa kuflashi choo. Andikeni namba za mita, pamoja na kile kimshale kidogo. Rudini baada ya saa mbili. Mita imetembea? Bomba la maji safi linavuja mahali fulani.

*Sakafu ya bafu.* Kama mita haikutembea, zibeni tundu la sakafu kwa tambara ndani ya nailoni, jazeni maji kina cha sentimita 2 yenye rangi ya chakula, yaachwe mpaka kesho yake. Wewe shuka ukaangalie dari yako. Ikilowa, dawa ya kuzuia maji chini ya vigae imekwisha au haikuwahi kuwekwa. Usitegemee rangi peke yake: zege huchuja, na maji yanaweza kutokea kwako yakiwa meupe. Angalia ubichi wenyewe. Ikibaki kavu, lakini hulowa yeye akioga, kagueni bomba la maji machafu na maungio yake chini ya slabu.

*Kosa la kawaida:* kuziba kwa saruji nyeupe katikati ya vigae vya juu na kutangaza kazi imeisha. Maji yatazunguka na kutokea sentimita 40 pembeni.

Hatua ya 5: Andikia kamati, mapema na kwa maandishi

Paa, kuta za nje, shafti za mabomba na mabomba makuu kwa kawaida ni mali ya wote, hivyo hulipiwa kwa sevisi chaji. Yaliyo ndani ya fleti ya mtu ni yake. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya wana ya mwaka 2020. Zote mbili zinawaweka wamiliki chini ya chombo kimoja kinachosimamia sehemu za pamoja. Soma na kanuni za jengo lenu, maana mpaka kamili wa "chako" na "chetu" mara nyingi umeandikwa humo pamoja na kwenye mchoro.

Barua isizidi ukurasa mmoja: tarehe ulipoona, picha, mstari wa penseli, matokeo ya nailoni na mita, na unachoomba kifanyike lini. Peleka nakala kwa mkono, isainiwe, nyingine ubaki nayo. Ujumbe kwenye grupu la wakazi haukutoshi. Utazama chini ya pole za msiba na tangazo la maziwa mtindi. Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba, yeye ndiye awafuate kamati.

Hatua ya 6: Kausha

Chanzo kikishazibwa, kausha kabla ya lolote. Kitu kilicholowa leo, ukikikausha ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa kawaida hakioti kuvu. Plasta iliyokunywa maji kwa miezi inataka wiki kadhaa, na hakuna njia ya mkato.

Kipima unyevu kiwe chini ya asilimia 60. Kufungua madirisha wakati mvua inanyesha kunaingiza maji, hakutoi. Siku za mvua funga, washa AC kwa hali ya kukausha. Jua likichomoza fungua pande mbili, upepo upite. Feni usiielekeze kwenye ukuta wenye kuvu ambayo haijaondolewa: utaipanda kuvu mpaka sebuleni.

Hatua ya 7: Ondoa kuvu

Vaa barakoa, glavu na miwani. Funga mlango wa chumba, fungua dirisha.

Lowesha doa kwanza kwa maji ya sabuni. Usikwangue kukiwa kavu hata kidogo, vumbi lake ndilo unalolikimbia. Sugua kwa brashi, futa kwa tambara, suuza tambara kwenye ndoo ya pili, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha kausha. Matambara yaende kwenye mfuko wa taka ufungwe humohumo chumbani.

Kwenye vigae, sinki na vioo unaweza kumalizia na jiki: kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji, si zaidi. Kwenye plasta na mbao jiki haifai sana. Inafanya doa liwe jeupe kwa juu, maji yake yanazama ndani, na wiki tatu baadaye umerudi palepale.

Hatari: usichanganye jiki na siki, na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa ya vioo yenye amonia. Mchanganyiko hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu la fleti ni dogo.

Jipsamu iliyolegea kwa maji haisafishiki. Kata mpaka ukute penye ukavu na usafi, utupe. Godoro lililoota kuvu nalo liende, hata likiuma. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Viatu vya ngozi vifutwe kwa spiriti huko nje barazani.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo rangi

Rudia jaribio la nailoni. Pakiwa pakavu pande zote, kwangua plasta iliyooza, piga plasta mpya, iache ikauke, kisha puti, msasa, praima na rangi. Rangi ya kuzuia fangasi inachelewesha tu; juu ya ukuta mbichi haitafika masika mengine. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, hutoa malengelenge kwa sababu maji hayana pa kutokea.

Kwa wale ambao bado mnasema "we paka tu": mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi rasmi ukasema chanzo ni kuvu ya kwenye fleti aliyoishi na wazazi wake. Baba yake alishalalamika tangu 2017. Aliambiwa apake rangi.

Ikikataa

*Imerudi palepale baada ya mwezi.* Hukuziba chanzo, au ulipaka plasta ikiwa mbichi. Rudi hatua ya 3.

*Imerudi, lakini mita mbili pembeni.* Maji yamebadili njia. Mara nyingi ni ile saruji nyeupe ya hatua ya 4.

*Kona tu za chumba cha AC.* Pandisha nyuzi, sogeza kabati, muite fundi AC aoshe chujio na kuzibua bomba la maji.

*Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa,* kama zile za Mji Mkongwe zinazokaliwa na familia kadhaa. Ukiona kuvu na plasta ya saruji inabanduka mabamba mabamba, saruji ndiyo kosa: imeufungia ukuta usipumue. Irudishwe plasta ya chokaa, na ipakwe chokaa, si rangi ya plastiki.

*Jirani amegoma kufungua.* Usivunje urafiki kwenye ngazi. Barua ya kamati, muda wa kujibu, kisha kikao. Kanuni nyingi za majengo zinairuhusu kamati kuingia kukagua ikitoa taarifa. Uongozi wa mtaa pia unaweza kuwaketisha, na watu huwaheshimu zaidi kuliko unavyodhani.

*Uvundo upo, kuvu haionekani.* Nusa kama unavyonusa kiatu cha shule kilicholowa: ndani ya kabati la sinki, nyuma ya fremu za picha, chini ya zulia, mdomoni mwa AC. Ukikosa kote, omba funguo za shafti. Kwetu tulifungua ile ya ghorofa ya nne baada ya miezi minne ya kunusa. Ndani, bomba kuu lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli, umekazwa kwa waya, na hakuna anayemkumbuka fundi aliyeufunga. Tulipougusa, ulituvujia usoni.